Msamaha wa matibabu: nani hulipa gharama?

DODOMA. Mfanyabiashara anayeuza unga, sabuni, dizeli ya jenereta au glovu kwa hospitali hupata mteja anayenunua mwaka mzima, iwe masika au kiangazi. Hata hivyo, pale ambapo wagonjwa wengi ni wa kipato cha chini, muuzaji hana budi kujua fedha za kumlipa zinatoka fungu gani.

Katika kata ya Miyuji iko Hospitali ya Mtakatifu Gemma, inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Jiji hilo hilo lina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Wamiliki ni tofauti, lakini swali ni moja: mgonjwa asipokuwa na fedha, nani hulipa?

Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake mwaka 1993, chini ya sera ya uchangiaji. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza waliwekwa katika kundi la msamaha. Maskini wengine husamehewa baada ya kuchunguzwa na afisa ustawi wa jamii.

Hapa ndipo hesabu inapobana. Msamaha humwondolea mgonjwa deni, lakini hauingizi shilingi katika sanduku la hospitali. Dripu iliyotumika lazima inunuliwe nyingine. Fungu la serikali likichelewa au likipungua, pengo huzibwa na wagonjwa wanaolipa, wafadhili, au muuzaji anayesubiri malipo yake.

Fedha za umma hufika kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni mishahara. Ya pili ni dawa: fungu la kituo huwekwa Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kituo huchukua dawa badala ya fedha taslimu. Ya tatu ni mfuko wa pamoja wa serikali na wahisani, ulioanza mwaka 1999. Ya nne ni malipo ya bima, ambayo hutolewa baada ya madai kuhakikiwa. Hospitali za mashirika ya dini hunufaika pale zinapokuwa na mkataba wa huduma na serikali.

Mkoa wa Dodoma ulikuwa wa mwanzo kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kabla haujaenezwa nchini mwaka 2018. Ada ilikuwa sh. 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Serikali iliahidi kuongeza kiasi kama hicho, utaratibu uliojulikana kama "tele kwa tele". Kwa kaya ya watu sita, jumla hiyo ni sh. 10,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Bila mchango wa serikali, ni sh. 5,000 tu. Fedha hizo hazitoshi kubeba upasuaji mwingi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuziba pengo hilo. Wasio na uwezo watalipiwa na mfuko maalumu, ambao vyanzo vyake ni pamoja na sehemu ya kodi za vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Mfuko ukipata fedha kwa wakati, mgonjwa maskini atakuwa mteja anayelipiwa. Usipopata, msamaha utabaki mzigo wa hospitali.

Kwa hiyo kiasi kinachotangazwa katika bajeti ya Juni hakitoshi kupima soko hili. Kipimo ni fedha zilizotolewa na Hazina tangu Julai. Muuzaji mwangalifu huuliza kwanza oda yake inalipwa na makusanyo ya hospitali, madai ya bima au ruzuku, kisha hupanga muda wa mkopo kulingana na jibu. Mwenye mtaji mdogo akikopesha mzigo wote kwa fungu moja, hukosa fedha za kununulia mzigo wa pili.