Wazazi waulize kabla msingi haujachimbwa

Katika vijiji vingi vya Tanzania, wazazi huitwa shuleni siku ya kubeba mawe na mchanga, wakati uamuzi wa nini kijengwe umeshapita. Ndiyo maana yapo maboma yanayonyeshewa mwaka hadi mwaka bila kuezekwa, huku watoto wakipanga foleni chooni.

Pa kusemea ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mzazi aende na hesabu za serikali: darasa moja la shule ya msingi, wanafunzi 45, tundu moja la choo, wasichana 20 au wavulana 25. Kisha aulize: bati litatoka wapi, na lini?