Soko la Burudani Ng'ambo za Mombasa: Mtaji Wake ni Ardhi ya Wazi

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kati yao, 154,171 tu ndio waliokuwa Mvita, yaani kisiwani. Waliobaki, karibu watu saba katika kila wanane, walikuwa ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Hata hivyo, ikitajwa biashara ya starehe Mombasa, mazungumzo huanzia Fort Jesus na kuishia kwenye hoteli za ufuoni, kana kwamba burudani ni bidhaa ya mgeni na kazi ya mwenyeji ni kuihudumia. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Mteja mkuu na wa kudumu wa burudani Mombasa ni mwenyeji wa ng'ambo mwenye shilingi chache mfukoni, na mtaji mkubwa wa biashara hiyo ni ardhi ya wazi isiyolipiwa kiingilio. Pale ardhi hiyo ilipobaki, biashara ndogondogo zimechipuka zenyewe. Pale ilipozibwa, pesa za mwenyeji zimehamia kwingine.

Ushahidi wa kwanza uko Bamburi, ndani ya Kisauni, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wakaazi wanauita Pirates. Siku ya Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, matatu humwaga watu hapo tangu asubuhi. Biashara ya ufuo huo hufuata maji. Yakijaa, wanaovuna ni wakodishaji wa maboya, yale matairi ya ndani ya malori yaliyojazwa upepo, pamoja na wenye nguo za kuogelea za kukodi. Yakipwa, mchanga hupanuka na zamu huwa ya wenye ngamia, wapiga picha ambao simu imewapunguzia kazi, na vijana wanaopanga mechi. Viazi karai, mihogo, mabuyu, achari na madafu huuzwa kutwa nzima, maji yawe yamejaa au yamekupwa. Familia moja hutoa kidogo kidogo kwa watu watano au sita tofauti, na sehemu kubwa ya pesa hizo hulala papo hapo Kisauni, kwa kuwa wengi wa wauzaji wanaishi mitaa ya jirani. Kipande hicho kikijengwa hoteli moja kitapata mwajiri mmoja. Kikibaki wazi, kila mwenye boya, karai au kamera ni mwenye biashara yake.

Uthabiti wa mteja huyu unaonekana vizuri zaidi tukiangalia misukosuko. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwakimbiza watalii wa kigeni, na shambulio la Kikambala la Novemba 2002 likawaogofya tena. Mwaka 2020 korona ilifunga kila mahali, ufuo wa umma ukiwemo. Lakini milango ilipofunguliwa, mwenyeji hakungoja ndege wala kibali cha nchi ya nje. Alipanda matatu akarudi baharini. Biashara iliyojengwa juu ya mteja wa namna hii haileti faida ya ghafla, ila haiangushwi na tangazo moja la ubalozi wa mbali.

Likoni ina bahari kama Kisauni, lakini hesabu yake ni tofauti. Shelly Beach ni ufuo mzuri wenye jina la zamani, ila njia za kuufikia zimebanwa na kuta za viwanja vya watu binafsi, na mtoto wa Likoni anaweza kukulia karibu na bahari asiwe na pa kupitia kwenda kuogelea. Wakati huohuo, mwenda kwa miguu halipi nauli kwenye feri ya Likoni, na upande wa pili wa mlango wa bahari iko bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Matokeo yake yanatabirika. Jioni ya Jumapili familia za Likoni huvuka kwenda kula mihogo na achari kisiwani, na shilingi ambazo zingezunguka Mtongwe au Shika Adabu hubaki kwa wauzaji wa Mama Ngina. Hakuna ubaya kwa Mama Ngina kupata wateja. Ubaya ni kwamba wadi za Likoni zenye watu robo milioni zinasafirisha mahitaji yao ya mapumziko kila wiki, ilhali bahari hiyohiyo iko kwao.

Changamwe haina ufuo wa kuogelea. Imezungukwa na bandari, uwanja wa ndege, matangi ya mafuta na barabara za malori, na hori zake zimeota mikoko. Kwa hiyo burudani yake imejificha ndani: vibanda vya video na vya mpira ambako mabenchi hujaa ligi ya Uingereza inapochezwa, vyumba vya gemu ambako watoto hulipia kila mchezo, nyama choma, na meza za keramu na drafti barazani. Hii nayo ni sekta, na ina wateja waaminifu, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza, karibu yote ni ya wanaume. Mwanamke wa Changamwe au Kisauni hupumzika kwenye harusi, na ndiyo maana biashara ya maturubai, viti, hina na piko, mapambo na muziki wa kesha imeshamiri mitaani. Lakini harusi ina msimu wake na humtaka mtu awe amealikwa. Kasoro ya pili ni leseni. Mwenye kibanda kimoja anadaiwa vibali vya kaunti, vya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, na ada za hakimiliki za muziki. Anayeshindwa kuvipata vyote huendesha kazi kwa kujificha, na anayejificha hawezi kukopa wala kupanua.

Kiwanja kikijengwa na kibanda kikifungwa, kijana haachi kutafuta burudani. Huihamishia kwenye simu, na hapo kamari humngoja. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za ubashiri, na tangu hapo kodi zimebadilishwa mara kwa mara, lakini tabia imebaki. Kiuchumi tofauti ni kubwa. Shilingi aliyoitoa kwa mkodishaji wa boya inabaki Bamburi na kununua unga Bamburi. Shilingi aliyoibashiria inaondoka mtaani dakika ileile. Kwa hiyo swali halipaswi kuwa kama mwenyeji maskini ana pesa za starehe. Tayari anazitumia. Linalobaki ni kujua zinakwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba ng'ambo zinahitaji maji, hospitali na ajira kabla ya bustani. Mahitaji hayo ni ya kweli, lakini burudani ya wazi ni ajira, tena ni miongoni mwa chache ambazo asiye na cheti anaweza kuianza kwa tairi kuukuu na pampu. Wengine watataja usalama: magenge ya mapanga yaliyotesa Kisauni na Likoni, dawa za kulevya, na watu wanaozama. Hofu hii nayo ni ya haki. Ila mwizi hupenda kichochoro cha giza kati ya kuta mbili kuliko ufuo wenye taa, wauzaji na macho mengi, na tiba ya kuzama ni walinzi wa ufuo waliofunzwa na kulipwa. Pingamizi zito zaidi ni la mapato, kwamba kiwanja kikijengwa fleti hulipa kodi ya ardhi, na kikiachwa wazi hakilipi kitu. Jibu lake liko Haller Park, palepale Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, ardhi ambayo mhasibu yeyote angeiandika sifuri. Ilihitaji subira ya miaka, lakini jangwa lile likawa msitu unaotoza kiingilio, na baadaye kiboko Owen na kobe Mzee wakaupa jina duniani kote. Thamani ya ardhi ya burudani huchelewa kuonekana kwenye daftari, na huonekana pia kwenye nauli, chakula na kodi za nyumba zilizo jirani.

Usafiri nao una nafasi yake. Japani ilitambua hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, pale mfanyabiashara Kobayashi Ichizō alipofungua reli ya kutoka Osaka mwaka 1910, akajenga bafu za kisasa Takarazuka mwaka 1911, na kuanzisha maonyesho ya jukwaani mwaka 1914, ili abiria wapate sababu ya kupanda treni yake siku za mapumziko. Mombasa imefanya nusu ya kazi hiyo. Barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake sasa vinaunganisha Miritini na Likoni bila feri, lakini mwishoni mwa safari hiyo hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya familia ya Changamwe itakayotaka kutumia Jumapili yake Likoni.

Mamlaka ya kupatenga yapo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti fuo, bustani, sinema, maonyesho ya video na viwanja vya michezo. Kaunti ianze kwa mambo matatu: ipime na kusajili kila njia ya kwendea baharini Likoni na Kisauni kabla ukuta mwingine haujajengwa, itoe leseni moja nafuu kwa kibanda cha burudani badala ya foleni ya vibali, na itenge kiwanja chenye taa katika kila wadi ya Changamwe, chenye saa za wanawake na wasichana. Hatua hizi hazihitaji mwekezaji wa kigeni, kwa kuwa wateja wamekwishahesabiwa na wauzaji wako kazini. Njia iliyozibwa leo itagharimu kesi na fidia kuifungua kesho, na ndiyo sababu kazi ya upimaji itangulie nyingine zote.