Moshi wa Jikoni: Mwanga Unatuambia Nini?

Umewahi kukaa jikoni asubuhi, jua likapenya kwenye tundu la bati, ukaona mstari wa mwanga umejaa vitu vidogo vidogo vinavyocheza hewani? Nje ya mstari ule huoni kitu. Je, ina maana huko hewa ni safi? Hapana! Chembe zimejaa chumba kizima. Unaziona pale tu kwa sababu mwanga unazigonga na kuruka mpaka machoni pako.

Jambo hilo dogo ndilo wataalamu wanalitumia kupima hewa tunayovuta. Kwa wewe unayeishi Njombe au Makambako, ambako baridi ya Juni na Julai inakufanya ufunge mlango na kuusogelea moto, ni muhimu kulielewa.

KUTAWANYA NA KUFYONZA

Chembe ikikutana na mwanga inaweza kuutawanya, kuufyonza, au kufanya yote mawili.

Kutawanya ni kuurusha huku na huku. Fikiria ukungu wa Njombe: matone madogo ya maji yanautawanya mwanga kila upande, unaona weupe mtupu na kilima cha mbele kimepotea.

Kufyonza ni kuumeza mwanga na kuugeuza kuwa joto. Simama barabara kuu pale Makambako, lori bovu la dizeli likianza kupanda mlima. Moshi wake ni mweusi kwa sababu masizi yanameza mwanga.

Na kuni je? Zikiwaka kwa mwali hutoa masizi meusi. Zikiwa mbichi, zikafuka tu bila kuwaka, hutoa moshi mweupe. Usidanganyike na rangi, ndugu yangu! Moshi mweupe nao unaumiza mapafu.

WANAPIMAJE?

Kifaa cha aina ya kwanza ni kisanduku chenye feni ndogo inayovuta hewa na mwale wa leza ndani yake. Chembe zikipita kwenye mwale, jicho la kifaa linapima mwanga uliotawanywa. Vipo vya kutosha kiganjani. Ila vina udhaifu: kwenye ukungu vinaweza kudhani matone ya maji ni moshi.

Aina ya pili huvuta hewa kupitia kichujio cheupe, kisha mwanga humulikwa juu yake. Kichujio kikizidi kuwa cheusi, mwanga unaopenya unapungua, na hapo masizi yanajulikana ni kiasi gani. Katika Mlima Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, watafiti walipima masizi kwa njia hii. Mwaka 2019 walieleza kuwa yanaongezeka wakati wa kiangazi, na sehemu yake inatoka kwenye moto wa mashamba na nyika za mbali. Kwa hiyo moshi hauna mpaka.

JARIBU MWENYEWE

Chukua vipande viwili vya kitambaa cheupe. Kimoja kitundike jikoni, mbali na moto, kingine chumbani. Baada ya wiki moja vilinganishe mbele ya dirisha. Kile cha jikoni ndicho kichujio chako. Sasa jiulize: mapafu ya mama na ya mdogo wako anayebebwa mgongoni yanachuja nini kila siku?

Chembe zinazotisha zaidi ni zile za mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wako ni mnene zaidi ya mara 20! Zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na zinachangia nimonia kwa watoto, kikohozi sugu na magonjwa ya moyo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Jiko la kuni lisilo na bomba la moshi linaweza kufikisha mamia.

ASIYEONEKANA KABISA

Hapa naomba usome taratibu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana. Wengi wanasema, "Moshi umeisha, ingiza jiko ndani tupate joto." Hatari! Mkaa huo unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Macho hayaioni, na vifaa vya mwanga nilivyoeleza havipimi gesi hiyo. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, halafu huamki.

UFANYE NINI?

- Usilale kamwe na jiko la mkaa chumbani, hata kama geto lako lina baridi kiasi gani. Ongeza blanketi.
- Tumia kuni kavu. Fungua dirisha na mlango unapopika, au pikia nje.
- Shaurianeni nyumbani kuhusu bomba la moshi, au gesi mkiimudu.
- Usiwashe moto kwa plastiki.
- Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani kwenye jiko, fungua mlango, mtoe nje haraka, mkimbize hospitali.

Kumbuka: ukiona moshi, chukua hatua. Usipouona, usiamini kwamba uko salama. Mweleze na rafiki yako leo, kabla baridi ya usiku haijaingia.