Mzee Katika Darasa la Kwanza

Wengi huanza kujifunza kusoma kwa furaha, na mvua zikinyesha, wameacha. Nasi tumeacha mengi vivyo hivyo. Basi twawaletea habari za Mzee Kimani Maruge wa Kenya.

Serikali ilipokwisha kufuta karo mwaka 2003, mzee huyu alitaka naye kusoma. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84 kwa hesabu yake, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu, akaketi kati ya watoto. Hakutumwa na mtu. Haja ilikuwa moyoni mwake: aisome Biblia mwenyewe, apate kujua kama wahubiri wasema kweli. (Sisi tuhubirio, neno hili lilituchoma kidogo.) Tena azihesabu fedha zake.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi zilimtoa nyumbani, akalala hemani kambini, wala shule hakuiacha. Akahamia Nairobi katika nyumba ya wazee. Huko nako akatafuta shule, akaingia darasa la 6. Alifariki Agosti 2009, hajaufikia mtihani wa mwisho.