Protini: Hukunjwa au Hujikunja?

Wanafunzi wa sayansi katika vyuo vya Meru na Embu hufundishwa kwa Kiingereza jinsi protini inavyopata umbo lake. Anayetaka kumweleza mzazi wake jambo hilo kwa Kiswahili hana budi kuteua kitenzi kwanza: je, protini hukunjwa au hujikunja?

Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Aghalabu mnyororo huo haufanyi kazi mpaka ukunjamane. Mmarekani Christian Anfinsen alivuruga umbo la protini iitwayo ribonukliasi kwa kemikali, kisha akaziondoa kemikali hizo. Protini ikarejea umbo lake yenyewe, ikafanya kazi tena. Maelekezo, basi, yamo katika mfuatano wa asidi amino. Anfinsen alituzwa Nobeli mwaka 1972, nasi tukapata hoja ya kuteua kujikunja. (Ndani ya seli zimo protini zinazosaidia kazi hiyo, lakini mkunga naye husaidia, hazai.)

Maumbo yenyewe yalichunguzwa kwa kupitisha eksirei katika fuwele. Max Perutz alihitaji zaidi ya miaka 20 kulipata la himoglobini. Tangu 2020 programu ya AlphaFold hukisia umbo kutokana na mfuatano, ingawa haisimulii hatua za kujikunja kwenyewe.

Mfuatano ukibadilika je? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, ambao Meru na Embu zimo miteremkoni mwake. Alipima damu za jamii mbalimbali nchini. Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa wamerithi tabia ya selimundu. Nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Mwaka 1954 alionyesha kwamba tabia hiyo hukinga dhidi ya malaria, ugonjwa uliokithiri mabondeni kuliko milimani.

Chanzo ni asidi amino ya sita kati ya 146 za mnyororo wa beta wa himoglobini: asidi ya glutamiki, ipendayo maji, imeipisha valini, iyaepukayo. Ni kama pata na bata: fonimu moja tu. Wengi hudhani himoglobini hiyo imejikunja vibaya. La hasha, imejikunja sawasawa, ila ikishatoa oksijeni, valini hunata kwenye molekuli jirani, nyuzi ndefu zikafanyika, na chembe ya damu ikapinda kama mundu. Kitenzi kinachofaa hapa ni kushikamana. Ndiyo maana dawa ya haidroksiyurea haigusi ukunjaji: huongeza himoglobini ya kitoto, ambayo huzuia nyuzi hizo kufanyika.