Jinsi panya wanavyosaidia kuchunguza hali ya Down

KWA wazazi wengi wenye mtoto aliyezaliwa na hali ya Down, swali kuu huwa ni iwapo ipo dawa ya kumsaidia kujifunza na kukumbuka. Kwa miaka mingi, wanasayansi wamelitafuta jibu kwa panya wa maabara.

Seli za mwanadamu huwa na kromosomu 46, yaani jozi 23. Mnamo 1959, watafiti wa Ufaransa, akiwemo Jérôme Lejeune, walitangaza kwamba wenye hali hiyo wana 47, kwani kromosomu ya 21 huwa tatu badala ya mbili.

Panya naye ana kromosomu 40. Jeni zake zinazolingana na zile za kromosomu ya 21 ya binadamu zimetawanyika katika kromosomu za 10, 16 na 17, nyingi zikiwa katika ya 16. Hata hivyo, panya mwenye kromosomu ya 16 tatu kamili hafiki mbali. Hufa tumboni au punde anapozaliwa.

Ufumbuzi ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani. Huko, Muriel Davisson alizalisha panya wa aina ya Ts65Dn, mwenye nakala ya ziada ya kipande tu cha kromosomu hiyo. Panya huyu huishi, lakini hutatizika kujifunza na kukumbuka.

Faida yake ni kwamba jeni moja moja inaweza kuchunguzwa. Kwa mfano, jeni iitwayo APP iliporejeshwa kuwa nakala mbili badala ya tatu, uharibifu wa baadhi ya seli za ubongo wa panya hao ulipungua. Jeni iyo hiyo huhusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao huwapata watu wengi wenye hali ya Down wanapozeeka.

Hata hivyo, Ts65Dn ana kasoro: amebeba pia jeni za ziada zisizohusiana na hali hiyo. Mnamo 2005, watafiti jijini London walitangaza panya mwenye takriban kromosomu nzima ya 21 ya binadamu, ingawa baadhi ya seli zake huipoteza.

Tofauti hizi si jambo dogo. Dawa za kundi moja na basmisanil ziliboresha kumbukumbu ya panya, lakini mnamo 2016 kampuni ya Roche ilisitisha majaribio ya basmisanil kwa watu wenye hali ya Down baada ya kukosa kuonyesha manufaa.

Hivyo basi, panya huonyesha njia ya kufuata, lakini uthibitisho wa mwisho hutoka kwa binadamu mwenyewe.