Maumivu ya Koo Yanaweza Kuharibu Moyo



Mtoto akisema koo linamwuma, wengi wetu hujibu, "Ni mafua tu, yatapita." Mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingine koo hilo huharibu moyo wa mtoto kwa maisha yake yote. Mimi ni Bwana Shamba, si mganga. Lakini mtu mwenye moyo mbovu hawezi kushika jembe. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sote.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu unaitwa homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza na vijidudu vya kooni. Vijidudu hivi huenea kwa kukohoa na kupiga chafya, hasa watu wengi wanapolala katika chumba kimoja.

Mwili una walinzi wake. Walinzi hao hupigana na vijidudu. Lakini kwa watoto wengine walinzi hukosea. Ni kama mlinzi wa shamba anayerusha mkuki usiku. Anataka kumchoma nguruwe mwitu, lakini gizani anamchoma mbuzi wa mwenye shamba. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, walinzi wa mwili hushambulia viungo na moyo.

Moyo ni kama pampu ya maji. Ndani yake mna milango midogo 4. Milango hiyo hupitisha damu na kuizuia isirudi nyuma. Ikipata makovu, haifunguki wala kufunga vizuri. Moyo hufanya kazi ngumu mpaka huchoka.

DALILI ZAKE

Mtoto hupata homa. Viungo huvimba na kuuma. Leo ni goti, kesho ni kifundo cha mguu, kesho kutwa ni kiwiko. Mtoto huchoka upesi na kuhema. Wengine hurusha mikono na miguu bila kupenda. Hao hawakurogwa. Ni wagonjwa.

Maumivu ya viungo hupona. Hapo wazazi hufurahi na kusahau. Lakini makovu ya moyo hubaki. Kila mara homa hiyo inaporudi, makovu huongezeka. Miaka mingi baadaye mtu huvimba miguu na kushindwa kupumua. Mwanamke mwenye ugonjwa huu yumo hatarini sana akipata mimba.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto akiumwa koo ghafla, akapata homa na tezi za shingo kuvimba, mpeleke zahanati. Usingoje. Dawa ikianza kabla ya siku 9 kupita, inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.

2. Mganga akitoa penisilini ya kumeza ya siku 10, mtoto aimalize yote, hata kama koo limepona siku ya tatu. Kama penisilini imewahi kumdhuru, mweleze mganga.

3. Usimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu. Mtoto anaweza kutokwa na damu nyingi hata kufa.

4. Mtoto aliyekwisha kupata homa hii huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Asikose hata moja, hata wakati wa palizi au mavuno. Sindano hiyo inazuia homa isirudi.

5. Jenga nyumba yenye madirisha, na watoto wasibanane kitandani.

Milango ya moyo iliyoharibika sana inahitaji kupasuliwa. Kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini safari ni ndefu na gharama ni kubwa. Penisilini ya kutibu koo ni ya bei ndogo. Mkulima anajua: ni rahisi kung'oa gugu likiwa changa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto amalize dawa hata kama koo limepona?
2. Utamwambia nini jirani anayetaka mtoto wake akatwe kimeo?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtoto anayeumwa viungo vinavyohama? Nani atampeleka zahanati?